Jina Lishuke, Picha Ibaki

Jana jioni kamati ya wazazi ya shule hii iliamua kwamba jina "Yirdaw" lifutwe juu ya mlango wa maabara, na picha iliyo chini yake ibaki. Taarifa hiyo amenipa mkuu wa shule, Ato Bitew, asubuhi ya leo pale langoni, akiwa amenishika mkono na kuniomba nisiiguse katika hotuba yangu. Nilimjibu kwamba mwandishi aliyepewa habari langoni hawezi kuingia ndani akaanza kuimba.

Hiyo ndiyo habari. Sasa salamu.

Mheshimiwa Mkuu wa Elimu wa wilaya, Ato Bitew, mkuu wa shule, waheshimiwa makasisi, wajumbe wa kamati ya wazazi, mgeni wetu wa heshima, Daktari Wubit Yirdaw, ambaye ratiba inasema ameketi safu ya mbele ilhali mimi namwona safu ya nne, walimu, wazazi wa mji huu wa Girar Ber, nanyi wazazi wa kule chini mtoni, mliosimama kando ya ua wakati nikiviona viti vitupu hapa katikati, wanafunzi wa darasa la kumi, ambao siku ya leo ni yenu: nawasalimu nyote. Kama kuna mtu ataona mpangilio wa salamu zangu umekosewa, atazame kwanza mpangilio wa viti.

Nimealikwa kuzungumzia mada iliyoandikwa kwenye kitambaa hiki juu ya kichwa changu: "Mifano ya Kuigwa: Vijana Wote Waingie Sayansi." Neno "wote" limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nimeripoti habari za mkoa huu kwenye redio tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimeripoti ukame, uchaguzi, mafuriko na mechi ambazo refa alikimbia kabla ya kipenga cha mwisho. Mnanijua kwamba sipandishi sauti. Leo nitawaomba radhi mapema, kwa sababu sina hakika kama sitaipandisha.

Tuanze na ukuta. Maabara ina picha sita za wanasayansi. Tano ziko ndani, ni za wazee wenye ndevu waliokufa zamani, katika nchi ambazo theluji huanguka. Ya sita, kubwa kuliko zote, iko nje juu ya mlango, nayo inamwonyesha mwanamume mwenye masharubu, miwani na tai, ameshika chupa ya kioo kama mtu anayeshika glasi ya mgeni harusini. Juu yake pameandikwa "Maabara ya Daktari Yirdaw". Chini yake pameandikwa "Antem tichilaleh". Nawe unaweza.

Daktari Yirdaw ni nani? Kila mkulima aliyeketi hapa anajua kazi yake hata kama hajui sura yake. Ni mtu aliyechunguza udongo wetu mwekundu, ambao ulikuwa umekuwa mchachu mpaka shayiri inatoka ardhini ikiwa ya njano, akaonyesha shamba gani linahitaji chokaa, kiasi gani na mwezi gani. Mnakula shayiri hiyo. Chuo kimoja cha ng'ambo alichofanya nacho kazi kilijenga maabara hii kwa heshima hiyo, kikaandika barua: tunaomba jengo lipewe jina la Daktari Yirdaw.

Hapo ndipo tulipojikwaa, na ni kujikwaa kwa kwetu kabisa. Wenzetu wa ng'ambo humwita mtu kwa jina lake la mwisho. Kwetu jina la pili ni la baba, na anayeita jina la baba amemwita baba. Wao waliandika "Yirdaw" wakimaanisha binti. Sisi tukasoma "Yirdaw" tukamwona mwanamume. Je, katika shule nzima, katika kamati nzima, katika ofisi nzima ya wilaya, alikosekana mtu mmoja wa kuuliza, "Na jina lake mwenyewe ni nani?" Alikosekana. Alikuwa ni daktari, tena wa sayansi, basi maswali yakaisha.

Mchoraji wetu, Adane, aliuliza. Sikilizeni alichouliza, maana amenirudia maneno yale mara mbili. Aliiuliza kamati, "Anafananaje?" Akajibiwa, "Anafanana na daktari. Wewe chora daktari." Adane hakuwahi kuchora daktari. Akaenda kwa shemeji yake, Ato Kasaye mwenye mashine ya kusaga nafaka, akamvalisha tai, akamwazimia miwani, akachora.

Mnacheka. Chekeni, hata Ato Kasaye anacheka, yule pale. Nilimkuta kwenye mashine yake wiki iliyopita nikamuuliza, "Ato Kasaye, wewe ni daktari?"

Akasema, "Gashe, mzee wangu, mimi sijawahi kusema ni daktari. Watu ndio walisema."

"Nawe ukakataa?"

"Ningekataaje na unga uko puani? Mtu anaingia, 'Daktari, habari za asubuhi,' namjibu nzuri. Hiyo nayo ni dhambi?"

"Na yule mkulima aliyekuja kukuuliza chokaa?"

Akainamisha kichwa. "Nilimwambia aweke nyingi. Nilidhani nyingi ndiyo salama." Kisha akaniambia jambo ambalo nataka kamati ilisikie vizuri. "Nishusheni, jamani. Nimechoka kuulizwa habari za udongo. Mke wangu naye ananiita daktari anapotaka nikateke maji."

Kwa hiyo mwenye sura hiyo anaomba ishushwe, na mwenye jina hajaomba lolote. Kamati imegeuza mambo, ikafuta jina na kubakiza sura.

Niwaeleze kwa nini, kwa kuwa nilikuwemo katika mkutano wa kwanza na kinasa sauti changu kilikuwa mezani, kinawaka, mbele ya macho ya wote.

Mwezi uliopita, Ginbot, alikuja hapa mama mmoja amevaa viatu vya matope na mkoba begani. Mlinzi alimzuia langoni akamwambia, "Mama, mboga zinaingilia lango la nyuma." Akaingilia la nyuma. Alikuja kuchukua udongo wa shamba la shule, na alipomaliza akataka kuiona maabara. Mlangoni alimkuta msichana wa darasa la kumi anafagia. Akainua macho, akaitazama picha kwa muda, akauliza, "Huyu ni nani?"

Msichana akasema, akimwita kwa heshima ya mkubwa, "Ni Daktari Yirdaw, Etiye. Yeye ndiye alituponyea udongo."

Yule mama akasema, "Yirdaw ni baba yangu. Na hakuwahi kufuga masharubu, yangeungua."

Yangeungua. Msichana alielewa mara moja, kwa sababu yeye pia ni wa kule chini mtoni. Wengine tulichukua siku kadhaa. Yirdaw alikuwa mhunzi, kama watu wote wa kule chini mtoni. Alikuwa na kalibu na mivukuto ya kufulia chuma pale chini ya daraja, na hakuna plau katika mji huu, kwa muda wa kizazi kizima, ambayo ncha yake haikupita mikononi mwake. Mbona basi hatukulitambua jina? Kwa sababu hatukuwahi kulitumia. Tulimwita Mgongaji. "Mpelekee Mgongaji." "Mgongaji yupo?" Mtu aliishi kati yetu, akazeeka kati yetu, akazikwa mbali na sisi, na mji mzima haukujua anaitwa nani. Kahawa yake ilimiminwa kwenye kikombe kilichokaa nje, kwenye tundu la ukuta, na wenye kujali zaidi walikivunja akishaondoka. Tulisema wahunzi wana jicho baya. Plau zao hazikuwa na jicho. Shoka zao hazikuwa na jicho. Jicho lilikuwa kwenye kikombe tu.

Halafu kwa miaka mitatu jina lake likakaa juu ya mlango wa shule yetu, kwa herufi ndefu kama mkono wangu, na watoto wa watu waliovunja vikombe wakapita chini yake kila asubuhi wakiwa na afya njema.

Mkutanoni mjumbe mmoja alisema hivi. Sitamtaja. Anajijua, amejifunika shuka jeupe la gabi na sasa anatafuta kitu chini ya kiti chake. Alisema: "Sisi hatuna ubaya na daktari. Asome, apate vyeo. Lakini jina la mhunzi juu ya vichwa vya watoto wetu, tena wakati wa mitihani? Tusilete maneno."

Mwalimu wa kemia akamuuliza, "Limekaa miaka mitatu, baba yangu. Ni mtoto gani ameumwa?"

"Tulikuwa hatujui!"

"Kwa hiyo na jicho nalo lilikuwa halijui?"

Mkutano ulicheka. Nilidhani jambo limekwisha. Nimekaa kwenye mikutano mingi, nami bado nilidhani kwamba watu wakishacheka, jambo limekwisha. Walipomaliza kucheka waliahirisha, na jana jioni wakapiga kura mimi nikiwa sipo. Jina lifutwe. Paandikwe "Maabara ya Sayansi". Na picha? Picha ibaki, walisema, kwa sababu watoto wameizoea.

Mheshimiwa Mkuu wa Elimu, wewe ulituletea kitambaa hiki. Ofisi yako imeagiza kila shule iwaonyeshe vijana wanasayansi wa kila namna, wanawake kwa wanaume, wa mjini na wa mashambani, wa ukoo huu na wa ukoo ule, ili kila mtoto amwone mtu anayefanana naye. Ni agizo zuri. Sasa nikuulize mbele ya watu: agizo hilo linatekelezwaje katika shule iliyopewa mwanasayansi mwanamke, mtoto wa mhunzi, mzaliwa wa mji huu huu, ambaye yuko hai na ameketi safu ya nne, nayo ikaamua kumweka mwenye mashine ya kusaga?

Na yale maneno chini ya picha. Antem. Mtu wa lugha nyingine angepita asione kitu, lakini sisi lugha yetu inampokea mvulana kwa anta na msichana kwa anchi, na hakuna mtoto wa miaka miwili anayekosea. "Nawe unaweza," tumeandika, na tumemwambia mvulana. Nusu ya wanafunzi wa shule hii wamepita chini ya salamu ambayo haikuwa yao, wakanyamaza, kama mtu anayesikia jirani yake akiitwa.

Sasa nakuja kwa yule msichana aliyekuwa anafagia. Anaitwa Mastewal. Nimemwomba ruhusa kumtaja, akasema, "Nitaje tu, Gashe, wananijua." Ndiye wa kwanza wa darasa la kumi katika kemia. Mwalimu wake ananiambia kwamba hajawahi kumwona mwanafunzi anayeuliza swali la pili kabla ya jibu la kwanza kukauka. Jumatatu wanafunzi hawa wanachagua: mchepuo wa sayansi au wa sayansi ya jamii. Wakishachagua hakuna kurudi. Nilimuuliza Mastewal atachagua upi, nikitegemea jibu fupi. Akasema, "Jamii."

"Unaipenda?"

"Siipendi."

"Sasa?"

"Sayansi watu wanafanya wawili wawili, Gashe."

Sikuelewa. Nikaenda kutazama. Ni kweli. Mwalimu anasema, "Kaeni wawili wawili," na kila kioo kinashikwa na mikono minne: huyu anamimina, yule anasoma. Mastewal anafanya peke yake. Ana chupa yake na neli yake ya kioo, na kipindi kikiisha haziingii kabatini pamoja na nyingine. Zinakaa dirishani. Hakuna mwalimu aliyeagiza hivyo. Niliuliza, kila mtu akasema hajui ni nani aliyeziweka pale.

Mimi najua ni nani. Ni yule yule aliyekiweka kikombe cha Mgongaji kwenye tundu la ukuta. Ni sisi. Tumekitoa kikombe nyumbani, tukakipeleka maabara, na tukatundika juu yake kitambaa kinachosema "wote" kwa rangi nyekundu.

Wazazi, mnaniuliza kwa macho, huyu Gashe amekasirika nini, shule ina mambo mengi. Nimekasirika kwa sababu tunawaalika watoto kwenye nyumba ambayo tumefunga mlango wake. Tunamwonyesha msichana picha ya mwanasayansi, tunamwambia amtazame, aige, ajitahidi, na akinyoosha mkono ashike chupa tunaisogeza. Kisha ripoti inaandikwa kwamba wasichana hawapendi sayansi. Nimezisoma ripoti hizo hewani kwa sauti yangu hii. Hakuna hata moja iliyosema kwamba aliipenda, akakosa mtu wa kukaa naye.

Nilimpigia simu Daktari Wubit nikamuuliza swali ambalo waandishi wote huuliza: mfano wako wa kuigwa alikuwa nani? Nilitegemea ataje mtu mkubwa. Alifikiri, akasema, "Nilikuwa na hasira zaidi kuliko mfano."

"Hasira peke yake?"

"Hapana. Alikuwepo mwalimu wa hisabati, mgeni, alitoka Gondar. Siku moja alikuwa na kiu, akanituma maji. Kati ya darasa zima akanituma mimi. Nikayaleta, yeye akayanywa mbele ya wote, akarudisha bilauri, akaendelea na sehemu na asilimia. Nilikaa nikasikiliza asilimia mpaka leo."

Nikamuuliza kama alimchukia mchoraji. Akacheka kwenye simu. "Masharubu yananifaa. Mwambie tu miwani yangu ni ya duara."

Nikamuuliza kama angependa jina libaki. Hapo hakucheka. Alisema, "Mimi jina langu liko kwenye kazi zangu, halihitaji mlango. Hilo la mlangoni ni la baba. Waulize wao kama wanaweza kulitamka."

Basi nawauliza. Ninyi mlionoa majembe kwake. Ninyi ambao baba zenu walifungia plau kwa chuma chake. Mnaweza kulitamka? Sitaki mjibu sasa. Najua jinsi mkutano unavyojibu ukiwa umepangwa kwenye viti.

Nataka niwaambie na wanafunzi neno moja, hasa ninyi mliokaa wawili wawili hapo mbele. Wazee wenu watapiga kura watakavyo. Hakuna kura iliyopigwa juu ya nani akae na nani kwenye meza ya maabara. Hilo liko mikononi mwenu, na mkono ni kitu chepesi. Siku ile mama yule wa viatu vya matope alipokuja, alivua mkoba, akatia udongo wa shamba letu kwenye neli ya dirishani, akamwambia Mastewal, "Shika hapa, mimi namimina dawa ya kupimia." Wenzake saba walisimama mlangoni wakitazama. Nimezungumza na watatu kati yao. Mmoja aliniambia, "Gashe, rangi ilibadilika ikawa ya waridi, ilikuwa nzuri sana. Nilitaka kusogea." Nikamuuliza kwa nini hakusogea. Akasema, "Hakuna aliyesogea." Mtoto huyo yuko hapa. Simlaumu. Namkumbusha tu kwamba Jumatatu mlango ni ule ule.

Mheshimiwa Mkuu wa Elimu, nimeshatoka nje ya muda niliopewa, na Ato Bitew anaitazama saa yake kwa namna ya kunisaidia. Nashukuru kwa mwaliko, ingawa sidhani kama utarudiwa. Nawashukuru walimu, na hasa wa kemia. Namshukuru Ato Kasaye, ambaye kati ya wote waliopandishwa juu ya ukuta huu ndiye pekee aliyeomba kushuka. Namshukuru Daktari Wubit kwa kukubali kuketi mahali alipoketishwa. Angekuwa mwingine angeondoka na udongo wake.

Nimalizie kwa ratiba. Leo ni Ijumaa, Sene ishirini na nane. Jumatatu, mwezi mpya, Hamle mosi, saa tatu asubuhi, wanafunzi wa darasa la kumi wanaingia maabara, mmoja mmoja, kutaja mchepuo wao mbele ya mwalimu. Saa hiyo hiyo Adane mchoraji ameamriwa aje na ngazi na rangi. Nimeongea naye. Amesema ana rangi nyeupe ya kufuta, na amesema pia ana nyeusi ya kuandika, na brashi nyembamba inayotosha kuandika anchi kando ya anta, yasomeke yote mawili. Atamsikiliza atakayekuwepo chini ya ngazi. Kamati imesema itamtuma mjumbe mmoja. Mastewal ni wa kumi na nne kwenye foleni, na kabla hajasema "sayansi" au "jamii" atapita mlango ule na atainua macho, kwa sababu kila mtoto huinua.

Mmenikopesha masikio yenu mchana huu, na nashukuru. Jumatatu saa tatu tunahitaji miguu.